Frigo ndani ya kabati: usikate waya wa tatu

Ndugu mtumikaji, nawe mama wa nyumbani, mmepata frigo na mnataka kuiingiza ndani ya kabati la jikoni. Vizuri, lakini tazameni kwanza kamba yake. Ina nyaya tatu. Mbili ni za kuran ya volti 220. Ya tatu, ya kijani na manjano, inaenda udongoni. Wengine wanaikata, ao wanachomeka frigo kwenye priza ya matundu mawili tu, na baridi inakuja vilevile! Lakini siku kuran inapotoroka ndani ya mashine, chuma chote kinaishika. Mama ametoka kufua, miguu mitupu imelowana, anashika mlango wa frigo: kuran inapita mwilini mwake mpaka chini. Waya ule ungeichukua mbele yake.

Muiteni fundi wa kuran aweke priza yenye waya wa udongo, na disjonkteri ya miliampere 30 inayokata upesi. Priza ikae pembeni ya kabati, mkono uifikie bila kuvuta frigo. Nyuma msizibe; joto la mashine linatafuta hewa, chini na juu. Kuran ikikatika, chomoeni. Ikirudi, ngojeni dakika 5.