«You» ao «your»? Neno dogo la Kingereza lenye linaweza kupoteza feza

Mufanyabiashara wa Butembo, Goma ao Bukavu mwenye anaagiza vitu Guangzhou ao Yiwu, mara nyingi anaandikiana na Muchina kwa Kingereza. Kingereza haiko luga ya mama ya hata mumoja wao. Kila mutu anaandika akifikiri kwa luga yake, na hapo neno moja dogo linaleta fujo: «your», maana yake «yako» ao «yenu».

Mufano ni huu. Mesaji inaingia kwenye telefone: «We give you brother money.» Mwenye kuisoma anaweza kuelewa hivi: «Ndugu, tunakupa feza.» Anatulia, anangojea feza zimufikie. Lakini Muchina alitaka kusema: «Ndugu yako tulimupa feza.» Feza zimekwisha kutoka, tena zimeenda kwa mutu mwingine. Kilichokosa ni herufi moja tu kwenye «you», pamoja na alama ya wakati kwenye tendo, maana tendo la Kichina halibadiliki kwa wakati uliopita.

Si uvivu wala kutosoma. Tangu 2001 serikali ya China iliagiza Kingereza ianze kufundishwa toka mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Vijana wengi wa maduka na viwanda wanaijua. Shida ni kwamba Kichina inapanga mambo namna ingine.

Kwa Kichina, «wewe» ni «ni». Ili kusema «yako», wanaongeza kasehemu «de», kenye kanafanya kazi karibu sawa na «-a» ya Kiswahili: ya, wa, cha. Ila mupango ni wa kinyume: mwenye kitu anatangulia, kitu kinafuata. «Telefone yako» inakuwa «ni de shouji». Neno «ni» lenyewe haligeuki hata kidogo.

Na kuna jambo lingine. Wakiongelea watu wa jamaa ao kikundi chenye mutu anatoka, mara nyingi wanaacha «de». «Ni mama» ni mama yako. «Ni gege» ni kaka yako mukubwa, yaani yaya. «Ni gongsi» ni kampuni yako. Kiswahili pia inakata maneno ya jamaa: mamako, nduguyo, mwenzako. Lakini kwa Kiswahili kunabaki kipande cha mwisho chenye kinaonyesha mwenye mutu. Kwa Kichina, «de» ikiondoka, inabaki «wewe mama», «wewe kaka». Njo maana kwa Kingereza wanaandika «you mother», «you brother», «you company», na wao hawaone kosa.

Shida ya pili ni «your» na «yours». Kingereza inasema «your box» wakati kitu kinatajwa, lakini «this box is yours» wakati neno linabaki peke yake. Kichina inatumia «ni de» kwa yote mbili, sawa vile Kiswahili inasema «sanduku yako» na «hii ni yako». Hapo mwenye kusoma Kifaransa ana faida, kwa sababu anajua tayari tofauti ya «votre» na «le vôtre».

Shida ya tatu: kuna mahali Kingereza inadai neno hilo, na luga zingine hazilitafuti. Mama wa Kiswahili anaambia mutoto «nawa mikono», haseme «mikono yako». Kifaransa inasema «lave-toi les mains». Muchina anasema «xi shou», maana yake «nawa mikono» tu. Kingereza inalazimisha «wash your hands». Muchina mwenye kuzoea kuliacha neno anaweza kuandika «send address». Adresi ya nani? Ya mwenye kununua, ao ya mutu mwenye atapokea muzigo Mombasa? Mbele ya kujibu, ni lazima kuuliza.

Shida ya ine inachekesha, maana Muswahili na Muchina wanaanguka pamoja. Kiswahili inasema «telefone yako hii». Kichina pia inaweka «yako» na «hii» pamoja. Wote wawili wanaandika «your this phone». Kingereza haikubali, inasema «this phone of yours».

Lakini si kila mara Kingereza njo iko na utajiri. Kichina inatofautisha «ni de», ya mutu mumoja, na «nimen de», ya watu wengi. Inayo pia «nin de», ya heshima kwa mutu mumoja, kama mukubwa ao mukiriya. Kiswahili inatofautisha yako na yenu. Kifaransa inayo «ton» na «votre». Kingereza ya leo iko na «your» moja tu: kwa mutoto, kwa mukubwa, kwa mutu mumoja, kwa watu mia.

Hapo hata Kingereza yenye haina kosa inaweza kugombanisha watu. Kama wafanyabiashara watatu wamejaza kontena moja pamoja, kisha mesaji inakuja: «Your balance is 6,000 dollars.» Je, feza zenye zinabakia ni dola 6.000 kwa wote, ao 6.000 kwa kila mumoja? Katika kichwa cha Muchina jibu lilikuwa wazi, kwa sababu luga yake inayo neno la wengi. Kwa kupita ndani ya Kingereza, jibu likapotea njiani.

Dawa yake haiko nguvu. Mbele ya kutuma feza, mutu asitegemee «your» peke yake. Aandike jina la mutu na hesabu: «the balance of all three of us together», maana yake feza za sisi watatu pamoja, ao «the balance of each person», ya kila mumoja. Kama mesaji inasema «you brother», «you agent» ao «you friend», aulize: «Do you mean my brother? Which name?» Na kama jambo lilishapita ao bado, aombe tarehe.

Yeye pia akiandika, asikate maneno. «My carton», «your carton» na «the carton of» pamoja na jina la mwenyewe vinaeleweka vizuri Guangzhou kuliko «carton» tupu. Kwenye biashara, kuuliza «ya nani?» mara mbili si haya. Haya ni kulipa deni la mutu mwingine.