Dirisha la Kwanza au la Pili? Kwa Anayetaka Uhandisi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, simu zetu sisi tulio vyuoni hazipumziki. Mwaka huu aliyewahi kunipigia ni mdogo wangu wa Ngamiani, mtoto wa mama mdogo. "Shikamoo dada. Nina C ya Fizikia, C ya Hesabu, D ya Kemia. Niombe uhandisi sasa hivi au nisubiri dirisha la pili, foleni ipungue?"

Nilinyamaza kidogo. Swali hilohilo miaka mitatu iliyopita nililijibu vibaya mimi mwenyewe.

Kati ya 2010 na 2016 maombi yote yalipita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/18 unaomba moja kwa moja chuoni; TCU inafungua na kufunga madirisha, na majina yanapitia kwake. Dirisha la kwanza linafunguliwa nafasi zote zikiwepo. La pili linatangaza kozi zenye nafasi zilizobaki. Sasa fikiria kozi kama uhandisi ujenzi au umeme, ambazo kila aliyesoma PCM anazikimbilia: kitabaki nini? Foleni inapungua kweli, ila ni kama kufika mnada wa samaki pale Deep Sea saa tano. Hakuna wa kukusukuma, na changu hakuna.

Mimi nilisubiri kwa sababu nyumbani walisema tutafute hela kwanza. Dirisha la pili lilipofunguka, chuo nilichokitaka hakikuwa na uhandisi ujenzi kwenye orodha. Ualimu wa Fizikia na Hesabu ulikuwepo. Naupenda sasa, msinionee huruma, lakini sikuuchagua.

Hofu nyingine aliyokuwa nayo mdogo wangu ni kwamba akiomba mapema atajifunga. Hiyo ni habari ya Marekani. Kule baadhi ya vyuo vina maombi ya mapema ambayo mwombaji anaahidi kabisa kwamba akichaguliwa ataenda, kwa hiyo ana haki ya kuogopa. Kwetu kuomba hakukufungi. Unaweza kuomba UDSM, DIT, chuo cha Mbeya cha MUST na UDOM kwa pamoja, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja tu kwa namba ya siri unayotumiwa. Pa kufikiria sana ni hapo kwenye kuthibitisha. Kuhama baadaye kunawezekana, ila kunategemea sifa zako na kama nafasi ipo.

Na hiyo namba ya siri, jamani! Wengi tunajaziwa fomu stesheneri, na kijana wa pale akiona unachelewa kukumbuka barua pepe yako anaweka ya kwake, na simu ya kwake. Siku ya kuthibitisha unamtafuta Ngamiani nzima, kuanzia barabara ya kwanza hadi ya ishirini. Weka namba yako, au ya mama kama yako huzimika.

Tuje kwenye alama. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini cha TCU kwa aliyetoka kidato cha sita ni pointi 4 kwa masomo mawili yanayohusika na kozi. Mdogo wangu ana 6 kwa Fizikia na Hesabu, amevuka. Lakini kuvuka si kuchaguliwa. Chuo kinaanza na wenye alama za juu. Nilimwambia apange machaguo yake hivyo: anachokiota kiwe juu, na chini yake kozi ambayo C mbili zinaweza kuibeba. Asijaze ndoto tupu mpaka mstari wa mwisho.

Akikosa la kwanza, la pili liko palepale, hajapoteza kitu zaidi ya ada ya maombi. Wa kusubiri kweli ni yule wa diploma ambaye matokeo yake ya mwisho hayajatoka. Huyo hana namna.

Mkopo nao una dirisha lake Bodi ya Mikopo, halikusubiri ujue umechaguliwa wapi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, maana kimewakwamisha wengi wenye alama nzuri kuliko zetu.

Kilichobaki ni hela. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000, kwa hiyo vyuo vinne ni 40,000, na mama mdogo anauza vitumbua. Juzi mdogo wangu ameniandikia: ametuma vitatu. Cha nne nimemlipia mimi, kwa hela ya kula ya wiki mbili, na dirisha lilikuwa limebakiza siku tatu.