Saa 72 za Kwanza, na Miezi Inayofuata

Kijana aliyebakwa au kunajisiwa anahitaji hospitali kabla ya kitu kingine chochote. Familia nyingi huanza kwa mzee wa mtaa au chifu, na siku mbili zinaisha kwa vikao. Daktari hahitaji barua ya polisi ili aanze kumtibu manusura, na matibabu hayo ni bure katika hospitali za umma.

Haraka hii ina sababu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, kisha zimezwe kila siku kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na zikitolewa mapema hufanya kazi vizuri zaidi. Aliyechelewa naye aende. Bado kuna vipimo, matibabu ya magonjwa ya zinaa na ushauri nasaha.

Ikiwezekana, manusura asioge wala kufua nguo alizovaa. Nguo hizo zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Kama ameshaoga, asilaumiwe. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wengi hufanya. Hospitalini mhudumu hujaza fomu ya PRC. Polisi hutoa fomu ya P3, ambayo pia haiuzwi.

Baada ya wiki ya kwanza wazazi wengi hudhani mambo yamekwisha. Hapo ndipo kazi inapoanza. Msichana aliyekuwa akiongoza darasani anaanza kusinzia mchana kwa kuwa usiku anaogopa kufumba macho. Mvulana anakuwa mkali na kupigana ovyo. Mwingine hataki kupita njia fulani na hasemi kwa nini. Mara nyingi watu huita tabia hizi utundu au hata mapepo, ilhali ni namna akili inavyojibu tishio kubwa. Wapo pia wanaojilaumu kwamba hawakupiga mayowe. Mwili ulioshikwa na hofu kuu unaweza kuganda kabisa, na kuganda si kukubali.

Kinachomsaidia kijana nyumbani ni kuaminiwa, kutohojiwa upya kila mgeni anapofika, na kurudi kwenye ratiba yake ya shule, mpira au madrasa kwa mwendo wake mwenyewe. Mshauri nasaha huonwa mara kadhaa, si mara moja. Kijana akizungumzia kujidhuru, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wavulana wanastahili kutajwa waziwazi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inawalinda sawa na wasichana, lakini wengi hunyamaza wakihofia kuchekwa.

Halafu kuna maslaha. Mbuzi kadhaa au bahasha ya pesa hupita kati ya wazee, na kijana aliyeumizwa huwa hata hakuulizwa. Anabaki akikutana na mshambuliaji wake kisimani. Kesi ya aina hii si mali ya familia: kifungu cha 40 cha sheria hiyo hakiwapi wazee wala polisi uwezo wa kuiondoa mahakamani.

Wengi huogopa mahakama, na hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, hakimu anaweza kuruhusu shahidi aliye hatarini atoe ushahidi akiwa nyuma ya pazia au kupitia msaidizi anayemsemea. Mtoto asiye na shahidi mwingine pia asikatishwe tamaa. Chini ya kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikieleza sababu zake.

Anayehitaji msaada apige 1195, nambari ya kitaifa ya dhuluma za kijinsia. Mtoto, au mtu mzima anayemhofia mtoto, apige 116. Simu zote mbili ni za bure.