Samaki wa miambani Tanganyika: faida ipo kwenye mayai

RUMONGE, Burundi

Mfanyabiashara wa Rumonge akitaja samaki, anamaanisha mukeke na ndagala, ambao wakifika Kigoma huitwa mgebuka na dagaa. Lakini kwenye miamba ya mwambao huohuo yupo samaki asiyeuzwa kwa kilo: Lamprichthys tanganicanus, wa kundi la kilifishi. Hufikia sentimita 15, dume ana madoa ya buluu yanayong'aa, na asili yake ni Ziwa Tanganyika.

Wanunuzi wake ni wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa wa Ulaya na Marekani. Biashara hiyo si ngeni Burundi: Mbelgiji Pierre Brichard alisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura miaka ya 1970. Tatizo ni safari. Samaki huyu akivuliwa hushtuka upesi, huumia akishikwa na hufa kirahisi njiani. Wafugaji wa ng'ambo wamejifunza kumzalisha wenyewe, na faida hubaki kwao.

Kazi hiyo inawezekana pia nyumbani. Tangi liwe na mfuniko, maana samaki huyu huruka. Maji yawe kama ya ziwa, magumu na yenye joto la nyuzi 25 hivi. Dume mmoja huwekwa na majike kadhaa. Jike hutaga kwenye nyufa, kwa hiyo mfugaji hupanga mawe bapa na kuacha mianya ya milimita chache.

Mayai hutolewa pamoja na mawe yake na kuwekwa kwenye chombo kingine chenye maji ya tangi lilelile na pampu ya hewa, mbali na wazazi. Yai lililogeuka jeupe limeharibika. Litolewe kabla ukungu haujaenea. Baada ya wiki mbili au tatu vifaranga huanguliwa na kuogelea karibu na uso wa maji. Wapewe vyakula vya chembe ndogo sana, mara kadhaa kwa siku.

Mayai haya yasikaushwe. Nothobranchius guentheri wa Unguja hutaga mayai yanayovumilia tope kavu, na wafugaji hutumiana kwa posta. Ya Tanganyika yakikauka yamekufa.

Kabla ya kununua tangi, mfanyabiashara aulize ofisi za uvuvi na mifugo za pande zote mbili za mpaka kuhusu vibali. Samaki hai hawavushwi kama gunia la ndagala.