Ramli ya Baiskeli na Umbo Linalogeuka

Sisi wahakiki chipukizi tumezoea kuuliza matini inasema nini. Leo naomba tuulize inageuka kuwa nini, na nitaanzia nyumbani kwetu Mfaranyaki, Songea, kwenye sinia la mchanga barazani kwa shangazi.

Baiskeli yake ilikuwa imeibwa. Mpiga ramli akachomachoma nukta mistari 16 bila kuhesabu, kisha ndiyo akahesabu: mstari wa witiri akaupa nukta 1, wa shufwa 2. Kila mistari minne ikatoa umbo moja. Hao ni mama wanne. Basi alipofika mama wa tatu tu akasema, “Mwizi analala humuhumu.” Macho yote kwa mpangaji wa chumba cha uani! Maumbo yaliyobaki aliyachora harakaharaka, kama mtu anayetia sahihi. Mpangaji alifungasha jioni ileile. Mimi, mtoto wa shule, nilinakili yote daftarini kwa kuwa yalinipendeza.

Chuoni ndipo nilipokutana na Yi Jing ya Wachina. Ina maumbo 64, kila moja la mistari 6, huanzwa chini kwenda juu. Hurushwa sarafu tatu, upande mmoja ukihesabiwa 3, wa pili 2. Jumla ikiwa 7 au 8, mstari umetulia. Ikiwa 6 au 9 umezeeka, nao hugeuka: uliokatika huwa mzima, mzima hukatika. Hapo huzaliwa umbo la pili. Je, lipi lisomwe? Zhu Xi (1130–1200) aliweka utaratibu. Ukigeuka mstari mmoja, soma maneno yake. Ikigeuka miwili, soma yote miwili, wa juu ukiwa na uzito zaidi. Mitatu, soma hukumu za maumbo yote mawili. Lakini ikigeuka minne au mitano, unasoma ile iliyotulia, tena katika umbo la pili! Yaani vingi vinapohama, kinachosema ni kilichobaki.

Ramli nayo, bwana, haiishii kwa mama. Nukta za mama zikisomwa kwa kukingama huzaa mabinti wanne. Maumbo hujumlishwa mawili mawili, mpaka wapatikane mashahidi wawili, na mashahidi humzaa hakimu. Kwa kuwa mabinti ni nukta zilezile za mama zilizopangwa upya, mashahidi wote wawili huwa witiri au wote shufwa. Kwa hiyo hakimu lazima awe na nukta 4, 6 au 8. Kati ya maumbo 16, ni 8 tu yanayoweza kuketi kitini pake.

Likizo iliyofuata nililitafuta lile daftari. Hakimu wa baiskeli ana nukta 5.

Labda nilinakili vibaya, nilikuwa mtoto. Nimejumlisha upya kuanzia mama, na kosa liko kwa shahidi wa kushoto. Nilipomwonyesha shangazi, aliliangalia daftari kwa muda mrefu, akaniuliza kama najua yule kijana alikwenda kuishi wapi.