Wenzo wa Gia na Mali ya Yatima



Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, mama zetu na dada zetu, juma hili twataka kuzungumza juu ya kipande cha chuma, nacho ni wenzo wa gia wa gari kuukuu. Huenda mtu akauliza: chuma cha gari chahusiana nini na gazeti la familia? Jawabu ni kwamba nyumba nyingi zimeachiwa gari na marehemu, na aliyebaki na ufunguo ni mwanamke ambaye hakuna aliyepata kumweleza kilichomo chini ya sakafu ya gari hilo.

Kisa chenyewe ni cha Kware, upande wa Embakasi Kusini jijini Nairobi, jirani na Pipeline na Mukuru kwa Njenga. Huko wamo jamaa zetu wa Pwani waliohamia kutafuta riziki, na miongoni mwao ni mama mmoja mjane mwenye watoto watatu. Mumewe aliacha Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ambayo hukodishwa kubebea masufuria, viti na mahema ya shughuli za harusi na maziko. Kodi ya nyumba na ada za shule hutoka humo. Tena gari lile si lake peke yake. Ni mirathi, na watoto wale wana fungu lao.

Gari za Series III zilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985, na nyingine ziliunganishwa hapa hapa Kenya, katika kiwanda cha Leyland mjini Thika. Hilo la mama yetu lilianza kusumbua kidogo kidogo. Wenzo ulikuwa ukicheza mkononi mwa dereva kama jino lililolegea, gia ya kwanza ikawa ya kutafutwa, na ya nyuma ikawa ya kubahatisha. Gereji mbili zilimwambia maneno mamoja: sanduku la gia limekufa, nunua jingine. Bei aliyotajiwa ilimpita uwezo, akaanza kufikiri kuliuza gari kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Hapa ndipo ilipolazimu kuufahamu wenzo. Fimbo ile tunayoiona juu ya sakafu ni nusu ya habari. Kuelekea chini ina tufe la chuma, mfano wa kiungo cha nyonga, linalokaa ndani ya kikombe chake. Springi hulikandamiza lisirukeruke, na pini huzuia fimbo isizunguke. Chini ya tufe pana ulimi mfupi unaoingia katika pengo za vyuma vinavyochagua gia. Dereva akisukuma juu kwenda mbele, ulimi chini huenda nyuma, na gia huingia.

Basi vumbi likiingia na grisi ikikauka, chuma husaga chuma. Tufe hulegea katika kikombe, springi huchoka, ulimi hukonda. Na kwa kuwa sehemu ya juu ya fimbo ni ndefu kuliko ya chini, kasoro ndogo hukuzwa: ikiwa mkono wa juu ni mara 6 ya ule wa chini, basi milimita 1 iliyolika chini huonekana kama milimita 6 kiganjani. Ndiyo maana gari laweza kuonekana limeharibika vibaya, kumbe ugonjwa ni wa ncha ya kidole.

Fundi aliyeleta faraja alikuwa mzee wa jua kali, mwenye kibanda cha mabati pale pale mtaani. Hakuanza kwa kutaja bei. Alizima injini, akaukamata wenzo gia ikiwa huru, akautikisa kulia na kushoto, kisha juu na chini. Ulipoinuka kwa urahisi alisema springi imechoka. Akafungua kifuniko, akautoa wote, akamwita mama aje aone: ulimi umelika pande mbili, umekuwa mwembamba kama kisu cha jikoni.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja. Kwanza aliziba tundu la sanduku la gia kwa kitambaa safi, maana chembe moja ya chuma ikianguka ndani huzaa maradhi mapya. Kisha akaupeleka wenzo mbali na gari, akauchomelea ulimi kwa kuujaza chuma tabaka juu ya tabaka. Hakuutumbukiza majini, aliuacha upoe wenyewe, kwani chuma cha namna hiyo kikipozwa ghafula huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Baadaye akaukata kwa tupa, akipima na kupima tena, hata ukaingia katika pengo zake bila kubana wala kupwaya. Akatia springi mpya, akapaka grisi, akarudisha kifuniko. Gharama ilikuwa ndogo mno kando ya ile ya sanduku jipya.

Ni haki tuseme pia kwamba si kila gari hupona hivi. Gia ikiingia vizuri kisha ikaruka yenyewe mtelemkoni, au sanduku likanguruma, yawezekana ugonjwa umo ndani kweli, na hapo kuahirisha ni hatari kwa roho za watu. Fundi mwaminifu huanza kwa kilicho karibu na rahisi, kisha ndipo huingia ndani.

Watu wengi hudharau kazi hii ya juani. Lakini mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyoonyesha kwamba mafundi wadogo kama hawa ni watu wenye tija, wala si watu wasio na kazi. Na sisi Waislamu tuna sababu kubwa zaidi ya kuwaheshimu: Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na Mola wake, akafua deraya kwa mikono yake, naye ni mfalme na mtume.

Heshima hiyo ina masharti yake. Fundi ni mwenye kuaminiwa. Anachokiona chini ya gari mwenye gari hakioni. Akisema kimekufa kilicho hai, amekula kwa udanganyifu, na mali ikiwa ni ya yatima, mambo ni mazito zaidi. Wala gereji zile mbili hatusemi zilikusudia kudhulumu. Huenda ni uvivu wa kutazama. Lakini kwa yatima aliyepotezewa mali, uvivu na dhuluma huzaa hasara ile ile.

Kwa hiyo, dada zetu, mkipeleka gari, ombeni kuonyeshwa kilichoharibika kabla ya kukubali. Ujira na kazi vijulikane mapema, kama sheria yetu inavyotaka, na viandikwe. Ombeni mrudishiwe kipande cha zamani. Maneno yakiwa makubwa, tafuteni fundi wa pili, hata wa tatu. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni kuhifadhi amana mliyoachiwa.

Gari lile la Kware lingali likibeba masufuria ya shughuli. Fungu la watoto watatu halijauzwa kwa kilo.

Mwenyezi Mungu awabariki mafundi wanaoitengeneza kazi yao vyema, na atuhifadhie mayatima wetu na mali zao. Amin.