Nyumba ya Kikundi Ikaguliwe Kabla ya Pesa Kutoka



Siku hizi vikundi vingi vikishachanga kwa miaka kadhaa huona heri kununua nyumba ya kupangisha pale sokoni kuliko kugawana pesa. Ni jambo jema. Lakini nimeona kamati ikiangalia nyumba nusu saa tu, inasifu rangi na mabati, kisha mweka hazina anaulizwa cheki iko wapi. Na mbuzi tunamfungua mdomo kwanza! Hati ya ofisi ya ardhi husema shamba ni la nani. Haisemi ukuta unasimama vipi.

Rangi huficha mengi. Nyufa nyembamba kama unywele mara nyingi ni za plasta tu, hazina neno. Ufa unaopanda kimshazari kutoka pembe ya dirisha, mpana hata kupitisha sarafu, huo ni wa kuogopa: huenda msingi umesogea. Udongo mweusi, kama ule wa Mwea na Kitengela, huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake haitulii. Afadhali mkague baada ya mvua, mtaona pia paa linalovuja.

Mkaguzi mzuri hasimami mlangoni. Atapanda darini achome mbao kwa bisibisi, maana mchwa hula ndani na kuacha nje kuzima. Atafungua sanduku la umeme, atapima choo kiko mbali kiasi gani na kisima. Kwa nyumba ya ghorofa msitegemee fundi wa kawaida, hata awe muumini mwenzetu. Tafuteni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Jumba la ghorofa 6 lililoanguka Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016, lilikuwa limejaa wapangaji, na serikali ilisema lilikuwa limepangiwa kubomolewa. Watu zaidi ya 45 walikufa.

Mkaguzi alipwe na kikundi, si muuzaji wala dalali, na asiwe ndiye aliyeijenga. Ripoti iandikwe, isomwe mkutanoni kwa sauti ili wasiojua kusoma pia wasikie. Ikisema mbao kadhaa za paa zimeliwa, msikimbie. Gharama ya kuzibadilisha ipunguzwe kwenye bei. Ikisema msingi umesogea, mwambieni muuzaji ahsante na mwende zenu. Ndiyo maana, kabla ya kutoa hata amana, wakili aandike kwenye mapatano kwamba pesa hiyo itarudishwa ukaguzi ukionyesha kasoro kubwa.